Poka: una K mbili na flopu imekaa kishari, ubeti kwa nguvu, ugonge meza au uzame zote?

Jumamosi usiku tulikuwa tena kwenye kibanda cha mshkaji pale Soweto, Mbeya, baridi ya Julai ile ya kukata masikio, jiko la mkaa katikati, birika la chai ya Tukuyu pembeni, karata mezani. Hatuchezei hela, tunachezea maharage, kila mtu anahesabiwa punje 200 na anayeishiwa wa kwanza ndo ananunua maandazi wiki inayofuata. (Kuchezea hela ni habari nyingine, ina sheria yake ya mwaka 2003 na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na chini ya miaka 18 huruhusiwi, kwa hiyo hilo tuliache.) Mchezo ni poka, hii ya Texas, karata mbili mkononi na tano za wote mezani: tatu za kwanza zinafunguliwa pamoja (hiyo ndo flopu), afu ya nne, afu ya tano, na kila hatua unabeti, unatupa karata, au unagonga meza, yaani unapita bila kuweka kitu.

Basi nikapewa K mbili, ya shupaza na ya uru. Blaindi zetu, yaani zile beti za lazima ambazo watu wawili wanaweka kabla ya karata, ni punje 1 na 2, mi niko wa mwisho kuongea, nikapandisha mpaka 8, watatu wakanifuata akiwemo mwenye blaindi kubwa, ile ndogo akatupa. Poti, yaani maharage yanayogombewa pale katikati, ikawa na punje 33, mi nimebakiwa na 192. Flopu ikafunguliwa: 9 ya kopa, 8 ya kopa, 7 ya pau. Wote watatu wakagonga meza, macho yakanigeukia mimi.

Kusema kweli tumbo lilisokota kidogo. Afu tulipomaliza ule mkono ukaanza ubishi ambao kila wiki haukosi, mmoja anasema hapo unabeti kwa nguvu, mwingine anasema unagonga meza uone karata ya nne kwanza, wa tatu, dereva wa lori la Tunduma huyu, anasema we zamisha maharage yote waogope. Kila mtu ana stori yake ya siku njia yake ilimlipa. Nimeona niziweke hizo njia tatu pamoja, maana nimezijaribu zote na zote zimeshanipa maharage na zote zimeshaninunulisha maandazi.

Kwanza tuelewane hatari yenyewe ni ipi

K mbili ni jozi moja tu. Ni jozi kubwa sawa, na inakuja kwa nadra, mara moja kwa kila mikono 221, na sisi tunagawa kama mara 20 kwa saa maana stori ni nyingi, kwa hiyo ni kama saa 11 za kukaa unazisubiri. Ndo maana mtu akizipata anazikumbatia kama mtoto wa kwanza. Lakini flopu haijui umesubiri muda gani.

Sasa flopu mbaya ziko aina mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni pale hatari imeshafika, imekaa. Una K mbili, flopu inakuja A, 7, 2 za rangi tofauti tofauti. Hii inatokea sana kuliko mnavyodhani, ukiwa na K mbili flopu itakuwa na A angalau moja kama mara 23 kati ya 100. Hapo mwenye A anayo, asiye nayo hana, na karata inayofuata haibadilishi mambo mengi.

Aina ya pili ndo hii yangu ya Jumamosi, hatari bado iko njiani inakuja. Hesabu nami: karata ambazo sijaziona ni 47. Kopa yoyote inanitisha, maana mwenye kopa mbili mkononi anafikisha kopa tano na kunipiga, ziko 11. Ukiondoa kopa, J zipo 3, 10 zipo 3, 6 zipo 3 na 5 zipo 3, na kila moja ya hizo ikianguka mtu anahitaji karata moja tu mkononi kumaliza streti, yaani karata tano zinazofuatana. Jumla 23. Yaani karibu nusu ya karata zilizobaki zinanifanya nijute, na hapo sijagusa kabisa mtu ambaye tayari ana J na 10, au 6 na 5, au jamaa wa jozi ndogo aliyepata seti yake, yaani karata tatu zinazofanana, maana mwenye jozi mkononi anaipata seti kwenye flopu kama mara moja kwa nane na nusu na huwa hasemi kitu, anakunywa chai tu.

Tunapima kwa vitu gani

Nitaziangalia njia zote tatu kwa mambo manne yaleyale. Bei, yaani yule anayesubiria kopa ya tatu mezani au streti yake unamtoza kiasi gani aione karata ijayo. Taarifa, yaani baada ya kufanya hivyo unajua nini ambacho ulikuwa hujui. Hasara, ukikuta umeshapigwa tangu flopu inakuuma kiasi gani. Na la nne ambalo wengi wanalisahau, karata ya nne ikianguka vibaya utabaki na maamuzi rahisi au utaanza kujikuna kichwa.

Juu ya hayo kuna idadi ya watu waliobaki. Hata A mbili, hizo ndo baba lao, dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda kama mara 85 kati ya 100, lakini wakiwa watatu zinashuka mpaka kama 64. Na meza zetu huku, iwe Mbeya, Mafinga au Njombe, watu wanalipia kuona flopu na chochote, sababu maharage hayaumi na nje kuna baridi hamna pa kwenda. Ushauri ulioandikwa kwa meza ambazo wawili tu wanafika kwenye flopu usiubebe hivohivo ukauleta kwa watu wanne.

Kubeti kwa nguvu

Nguvu nayosema hapa ni kama robo tatu ya poti, kwenye 33 naweka 24.

Bei yake ni kali kama inavyotakiwa. Anayenifuata analipa 24 ili agombee 57, kwa hiyo ili asipate hasara anatakiwa awe anashinda kama mara 30 kati ya 100. Mwenye kopa mbili akisubiria ya tatu, karata ijayo inampa kama 19 kati ya 100 tu. Anayesubiria streti pande zote mbili, 17. Wanalipa ghali, na huko ndo maharage yako yanatoka. Ukiweka ndogo, tuseme 11, analipa 11 kugombea 44, hiyo ni 20 kati ya 100, yaani umempimia mwenye kopa bei yake karibu sawasawa kama muuza duka. Ndo maana zile beti za theluthi ya poti sizipendi kwenye flopu ya namna hii, kwenye A, 7, 2 ni sawa tu.

Taarifa unapata nyingi. Wawili wakitupa na mmoja akafuata, sasa unacheza na mtu mmoja, na unajua ana kitu. Akipandisha juu yako napo umeambiwa jambo, ingawa hulipendi.

Hasara ni ya kati. Umetoa 24, ukirudishiwa kwa nguvu na mtu ambaye kazi yake ni kutupa karata usiku kucha, unaweza kuziachia K zako ukiwa na 168 bado mbele yako. Shida inakuja kwenye lile la nne. Mtu akikufuata halafu ikaanguka 6, poti sasa ina 81 na we hujui kama bado unaongoza, na hapo ndo watu wengi wanaendelea kubeti kwa hasira, ati nimeshaweka nyingi. Ukichagua njia hii ujue kabisa kwamba karata ya nne ikiwa mbaya utasimama.

Inamfaa anayecheza na watu wa kufuata fuata, ambao hawatupi kopa zao hata uwabembeleze. Haimfai sana mtu asiyeweza kutupa jozi kubwa, na mjijue tu, mpo wengi.

Mimi Jumamosi nilifanya hivi. Wawili wakatupa, mmoja akafuata, karata ya nne ikaja 2 ya shupaza, takataka safi, nikaweka 50 akafikiria weeee akatupa huku anaonyesha A ya kopa. Haimaanishi nilikuwa sahihi. Ingeanguka kopa ningekuwa naandika kitu kingine hapa.

Kugonga meza

Hii ina wapinzani wengi kuliko inavyostahili, na sababu ni kwamba watu wanaifanya kwa nia mbaya. Wanagonga ili kutega. Mwezi wa tano mimi mwenyewe, K mbili, watu wanne, kopa mbili mezani, nikagonga meza eti niwategee, nikajiona mjanja kama sungura. Karata ya nne kopa. Wale jamaa waliokuwa wamesinzia wote watatu wakafufuka. Aliyeshinda alikuwa na 5 na 4 za kopa, alikuwa anatupa hata kwa beti ya punje 20, alisema mwenyewe. Nilimkaribisha bure afu nikamfungia na mzigo wa kuondoka nao.

Kwa hiyo kwenye bei njia hii ni mbovu kabisa, ni bure, na ukiwa na watu watatu nyuma ya flopu ya 9, 8, 7 bure ni ghali sana.

Lakini angalia upande wa pili. Hasara ni ndogo kuliko zote, ukiwa umeshapigwa na J na 10 hujatoa hata punje, poti inabaki 33 na mkono wako wa jozi moja unabaki kwenye poti inayolingana na jozi moja. Na karata ya nne hapa inakuwa rahisi zaidi kuliko kote. Zile karata 23 zinazonitisha zikikosekana, ikaja mojawapo ya zile 24 nyingine, mwenye kopa sasa amebakiwa na nafasi moja badala ya mbili, unabeti kwa nguvu hapo na anayekufuata anafanya kosa kubwa zaidi. Ikija mbaya, unatupa bila kulia. Jamaa mmoja wa Iringa niliyecheza naye alikuwa anafanya hivi kila mara akiwa wa mwisho kuongea, nilikuwa namwona mwoga mpaka nilipogundua usiku ukiisha maharage yako upande wake.

Neno ni hilo, wa mwisho kuongea. Ukiwa wa kwanza, ukigonga meza unampa mwingine usukani, naye akibeti hujui ni seti au anachimba mkwara.

Taarifa? Kidogo. Wote wakikaa kimya umejifunza kwamba labda hakuna mwenye seti, labda. Ila kama mezani kuna wachimba mkwara wa kweli, wale wakinusa unyonge wanabeti na chochote, basi kugonga kunawatoa pangoni, wanakuwekea maharage ambayo kwa beti yako wasingeyaweka.

Inamfaa mtu mvumilivu, mwenye kukubali kushinda poti ndogo. Na kwenye ile flopu ya A, 7, 2 ndo njia yangu ya kwanza kabisa, kwa sababu hakuna anayesubiria kitu cha maana pale, aliye na jozi ya 7 ana karata 5 tu za kumwokoa, na mwenye A akishanipiga mi nimebaki na K 2 tu kwenye kasha zima, kama 4 kati ya 100 kwa kila karata. Kuna haja gani ya kukuza poti?

Kuzama zote

Dereva wetu anaipenda hii. Anasukuma rundo lote la maharage mpaka mengine yanaanguka chini, afu anaegemea ukuta kama ameshashinda.

Tupime kwa haki. Karata ya nne: haikusumbui, hii ndo sifa yake kubwa, umeshamaliza maamuzi, ije kopa ije 6 we unaangalia tu kama mtazamaji. Bei: juu kuliko zote. Taarifa: unaipata ila umechelewa, huwezi kuifanyia kitu. Hasara: yote.

Sasa inategemea una mzigo kiasi gani, na hapa ndo watu wanakosea kwa kuangalia karata badala ya kuangalia maharage. Mimi nilikuwa na 192 kwenye poti ya 33, karibu mara sita. Nikisukuma 192 nagombea 33. Wote wenye jozi ya 9 wanatupa, na hao ndo niliotaka wanifuate. Anayebaki ni nani? Mwenye seti, mwenye streti, na yule wa A na 10 za kopa, ambaye kwa kopa na streti pamoja ana karata 15 za kumpeleka juu, na mwenye karata 15 kwa karata mbili zijazo anafika kama mara 54 kati ya 100, bado hujamhesabia zile A zake. Yaani na yeye ambaye "bado hajapata kitu" ananizidi. Kama kila ninapofuatwa ningekuwa napoteza, ningehitaji wote watatu watupe mara 85 kati ya 100 ili tu nisipate hasara. Kwa meza ya Soweto? Wale watu wanafuata mpaka na A tupu.

Geuza. Tuseme nilishaumia mapema, nina punje 40 tu na poti ina 33. Hapo nazama bila kupepesa jicho. Anayenifuata analipa 40 kugombea 73, anahitaji 35 kati ya 100, na mwenye kopa tupu kwa karata mbili anapata 35, yaani yuko palepale mstarini, mwenye streti ya kusubiria yuko 31 na kitu, analipa zaidi, mwenye jozi ya 9 ndo analipa kabisa na kwa mzigo mdogo hivyo atalipa, maana anaona ni punje 40 tu bana.

Ndo maana mkiangalia zile video za mashindano makubwa ya Las Vegas, yale yaliyoanza 1970, mnaona watu wanazama zama kila dakika mnadhani ndo poka. Kwenye mashindano blaindi zinapanda kila baada ya muda, mzigo wa mtu ukilinganisha na poti unakuwa mdogo, kuzama inakuwa kawaida. Hata yule Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani aliyechukua dola milioni 2.5 mwaka 2003 baada ya kuingilia kwenye kashindano kadogo ka mtandaoni, alikuwa kwenye mchezo wa namna hiyo. Sisi blaindi zetu ni 1 na 2 kuanzia jioni mpaka jogoo awike.

Inamfaa mwenye mzigo mfupi, na pia, niseme ukweli, mtu mgeni ambaye akivuka flopu anachanganyikiwa na wenzake wazoefu wanamla taratibu. Huyo kwa mzigo wa kati kuzama kunamwokoa na makosa ya mbele, hata kama si bei nzuri.

Sasa angalia umekaa wapi

Kama mzigo wako haufiki mara mbili ya poti, zama, usijitese. Ukiwa mara tatu nne hivi, beti kwa nguvu ukijua kwamba yakikunoga unamalizia kwenye karata ya nne. Ukiwa na mara sita kama mimi au zaidi, chaguo ni kati ya kubeti na kugonga, kuzama kuache.

Umebaki na mtu mmoja tu? Beti, mara nyingi uko mbele. Wako watatu na we ndo wa mwisho kuongea, kubeti na kugonga vinakaribiana sana kwangu, naangalia sura za watu: wakiwa wafuataji nabeti, wakiwa wajanja wa kugonga meza kisha wakurudishie mara tatu nagonga nione karata ya nne. Wako watatu na we ndo wa kwanza kuongea, hapo ndo pagumu, mimi nabeti, ila nina rafiki anacheza vizuri kuniliko anagonga na kutupa kama kukiwaka moto, na sijawahi kumshawishi.

Una K ya kopa mkononi, jambo linabadilika kidogo, kopa ya nne ikianguka mezani wewe ndo mwenye kubwa kama A ya kopa haiko kwa mtu, na hata ikija ya tatu bado una pumzi. Unaweza kuwa jasiri zaidi kwenye kubeti.

Flopu ni ile ya A, 7, 2, gonga, au beti kidogo mara moja basi.

Na kama umeshabeti 24, halafu yule mzee wa kona ambaye tangu saa mbili usiku amecheza mikono mitatu tu, koti limefungwa mpaka shingoni, anasogeza taratibu punje 80 bila kuacha kutafuna karanga, weka K zako chini kifudifudi na uombe chai.